Vipigo 121: kisa cha Chicago White Sox, msimu wa 2024

Usiku wa Ijumaa, 27 Septemba 2024, Detroit Tigers waliifunga Chicago White Sox 4-1 na kukata tiketi ya hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014. Uwanja wa Detroit ulilipuka kwa shangwe. Upande wa pili, White Sox walikuwa wamepoteza mechi ya 121, idadi ambayo hakuna timu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani iliyowahi kuifikia tangu mwaka 1900. Rekodi ya awali ilikuwa ya New York Mets wa 1962, waliopoteza 120. White Sox walimaliza wakiwa wameshinda 41.

Kuna jambo moja la kuweka sawa. Mechi 160 za Mets wale zilipata mshindi, nao walishinda 40, yaani asilimia 25 kamili. White Sox walicheza 162, na ushindi wao ni asilimia 25.3. Kwa hiyo walioshindwa mara nyingi zaidi ni White Sox, ila kwa uwiano Mets walikuwa chini yao, na Philadelphia Athletics wa 1916, walioshinda 36 na kupoteza 117, walikuwa chini zaidi. Ukienda nyuma ya 1900 utakutana na Cleveland Spiders wa 1899, walioshinda 20 na kupoteza 134, lakini wale mmiliki wao aliwahamishia wachezaji bora kwenye timu yake nyingine. Hicho ni kisa tofauti kabisa.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kubadilisha mizani kidogo. Besiboli haina sare. Ligi haishushi timu daraja. Mechi 162 huchezwa ndani ya miezi sita, karibu kila siku, na bahati ina nafasi kubwa katika mechi moja moja. Ndiyo maana timu bora ya mwaka hushinda mechi kama 100 na timu mbovu hushinda kama 60. Kwenye soka timu ya mkiani inaweza kumaliza msimu na ushindi wa kuhesabu kwa vidole. Kwenye besiboli hata timu dhaifu huokota ushindi mmoja katika kila mechi tatu bila kujua umetoka wapi. Kushuka kutoka 60 hadi 41 hakuletwi na udhaifu wa kawaida. Lazima mambo kadhaa yaharibike kwa pamoja na pasiwe na kitu cha kuziba pengo.

Hesabu kwanza

White Sox walipata mikimbio 507 msimu mzima (mkimbio ni alama moja: mchezaji amezunguka vituo vyote, yaani besi, na kurudi nyumbani) na kuruhusu 813. Pengo ni 306. Mwaka huo timu ya wastani ilipata mikimbio 4.39 kwa mechi, ambayo kwa mechi 162 ni kama 711. Sasa gawa pengo lile: washambuliaji walikuwa mikimbio 204 chini ya wastani, na warushaji (wanaomrushia mpigaji wa upinzani mpira) pamoja na walinzi waliruhusu 102 zaidi ya wastani. Theluthi mbili ya tatizo ilikuwa kwenye fimbo, si kwenye mkono wa mrushaji. Hili ni muhimu, kwa sababu mazungumzo mengi ya mwaka ule yaliishia kwa warushaji wa akiba waliokuwa wakipoteza mechi dakika za lala salama. Walikuwa wabovu kweli, lakini timu inayopata mikimbio 3 kwa mechi haina pa kujificha: kila kosa la mrushaji linakuwa kosa la kupoteza mechi.

Ndani ya zile 204, vitu viwili vinaeleza karibu kila kitu. Cha kwanza ni kufika besi. Wapigaji wao walifika besi kwa kiwango cha 0.278, wakati wastani wa ligi ulikuwa 0.312. Timu husimama kupiga karibu mara 6,000 kwa msimu, hivyo tofauti hiyo ni kama watu 200 ambao hawakufika besi kabisa. Cha pili ni nguvu. Walipiga homurani 133 (mpira unaovuka uzio na kumrudisha mpigaji nyumbani papo hapo), wachache kuliko timu nyingine yoyote, wakati wastani wa ligi ulikuwa 182. Watu hawafiki besi, na hata wakifika hakuna wa kuwarudisha nyumbani kwa mpigo mmoja.

Bahati mbaya nayo ilikuwepo, ila si kwa kiasi ambacho watetezi wa timu wangependa. Kuna kanuni inayotumia mikimbio iliyopatikana na iliyoruhusiwa kukadiria ushindi: unachukua uwiano wake, unaupandisha kwa kipeo cha 1.83, kisha unageuza jibu kuwa asilimia. Kwa 507 na 813 jibu ni ushindi wa mechi 48. Walishinda 41. Basi mechi 7 tunaweza kuziandika kwenye hesabu ya mkosi. Zilizobaki 114 ni stahili yao.

Kikosi kilichokosa ghala

Chanzo cha 2024 kiko Desemba 2016. Klabu ilimuuza Chris Sale, mrushaji wake bora, kwa Boston Red Sox, na kupata Yoán Moncada na Michael Kopech, pamoja na wengine. Julai 2017 ikamuuza José Quintana kwa majirani zao Cubs na kupata Eloy Jiménez na Dylan Cease. Mwaka huohuo ikamsajili Luis Robert kutoka Kuba kwa dola milioni 26. Mpango ulikuwa wazi: vunja, kusanya vijana wenye vipaji, subiri. Vijana wakafungwa kwa mikataba mirefu mapema: Jiménez miaka 6 kwa dola milioni 43, Moncada miaka 5 kwa dola milioni 70, Robert miaka 6 kwa dola milioni 50.

Na ulifanya kazi, kwa muda. Mwaka 2021 walishinda mechi 93 na kuongoza kanda yao, yaani kundi lao la timu tano, chini ya Tony La Russa, aliyeletwa akiwa na umri wa miaka 76. Mwaka 2022 walimaliza 81-81 (ushindi 81, vipigo 81). Mwaka 2023 wakaporomoka hadi 61-101. Jerry Reinsdorf, mmiliki tangu 1981, aliwafukuza wakuu wawili wa masuala ya mchezo, Ken Williams na Rick Hahn, Agosti 2023, na siku chache baadaye akampa Chris Getz kiti cha meneja mkuu. Getz alitoka ndani ya nyumba hiyohiyo, kwenye idara ya kukuza wachezaji. Hilo liliwaudhi mashabiki wengi, na walikuwa na haki ya kuudhika: ghala la vijana alilokuwa analisimamia ndilo lililokutwa tupu.

Mkataba mrefu kwa kijana mwenye kipaji ni biashara nzuri akibaki mzima. Mwaka 2024 Moncada, ambaye mshahara wake ulizidi dola milioni 24, aliumia paja Aprili na kucheza mechi 12 tu mwaka mzima. Robert, aliyepiga homurani 38 mwaka 2023, aliumia nyonga wiki ya pili ya msimu, akakaa nje miezi miwili, akamaliza na mechi 100 na homurani 14. Jiménez naye hakuwa mtu wa kutegemewa kwa afya wala kwa fimbo, akauzwa Baltimore mwishoni mwa Julai. Kila timu ina majeruhi. Tofauti ni nani anaingia badala yao. Klabu yenye ligi ndogo zenye afya (timu za chini ambako vijana hukuzwa) humpandisha kijana wa miaka 23 aliye karibu kuiva. White Sox waliingiza wachezaji waliookotwa sokoni kwa mikataba ya mwaka mmoja, au vijana ambao hawajaiva. Andrew Benintendi, mwenye mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu, dola milioni 75 kwa miaka 5, ndiye aliyeongoza kwa homurani: 20. Kwa timu nyingi huyo angekuwa wa nne au wa tano.

Majira ya baridi ya Getz

Getz alisema hadharani kwamba haipendi timu aliyoikuta. Dawa aliyochagua ilikuwa ulinzi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: mlinzi mzuri ni nafuu kuliko mpigaji mzuri, na ulinzi imara huwasaidia warushaji vijana wajiamini. Akamleta Paul DeJong katikati ya uwanja wa ndani, Nicky Lopez, na mdakaji mkongwe (anayepokea mipira ya mrushaji nyuma ya mpigaji) Martín Maldonado, anayesifika kwa kuwaongoza warushaji.

Tatizo ni hesabu tuliyoiona juu. Timu iliyokuwa tayari haina fimbo iliongezewa watu wasio na fimbo. Maldonado alipiga kwa wastani wa 0.119, yaani mipigo halali 119 kwa kila majaribio 1,000. Kwa kiwango hicho, mpinzani anajua kwamba nafasi moja kati ya tisa ni auti (mpigaji kutolewa) ya bure, na anapanga warushaji wake akilijua hilo. Tena ulinzi wenyewe haukuja: walimaliza miongoni mwa timu mbovu kabisa kwa ulinzi. Ukinunua kitu kimoja kwa gharama ya kingine, angalau hicho kimoja kifike nyumbani.

Kisha, 13 Machi, wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, Cease akauzwa kwa San Diego Padres kwa vijana watatu na mrushaji mmoja wa akiba. Kama biashara ya muda mrefu ilikuwa na mantiki, kwani mkataba wake ulibakiza miaka miwili. Lakini tazama pengo lililobaki. Mechi ya kawaida ina awamu 9, hivyo msimu una awamu zipatazo 1,450 za kurusha. Cease alikuwa amerusha 177 mwaka 2023, na akarusha 189 kwa Padres mwaka 2024, ikiwemo mechi ya 25 Julai ambayo wapinzani hawakupata hata mpigo mmoja halali. Awamu hizo zote lazima zirushwe na mtu. Zikaangukia kwa Chris Flexen, aliyemaliza na ushindi 3 na vipigo 15, kwa Michael Soroka, 0-10, na kwa Nick Nastrini, 0-7. Drew Thorpe, kijana mkuu wa biashara ile, alianza mechi 9 kabla mkono haujamsimamisha.

Mkono wa Crochet

Habari njema ya mwaka ilikuwa Garrett Crochet, na hata hiyo ilikuja na deni lake. Mwanzoni alikuwa mrushaji wa akiba. Alifanyiwa upasuaji wa kiwiko 2022, na 2023 alirusha chini ya awamu 13 kwenye ligi kuu. Klabu ikamgeuza mrushaji wa kuanza na kumpa mechi ya ufunguzi. Alirusha awamu 6, akawatoa 8 kwa straiki (mirusho halali ambayo mpigaji hakuipiga; zikifika tatu anatoka), akaruhusu mkimbio mmoja. Wakafungwa 1-0. Mwaka mzima umo ndani ya mechi hiyo.

Crochet alimaliza na watu 209 waliotolewa kwa straiki katika awamu 146. Lakini alianza mechi 32, kwa hiyo wastani wake ni awamu 4 na nusu. Mkono uliokuwa umerusha kidogo hivyo hauwezi kubebeshwa awamu 200 ghafla, kwa hiyo katika nusu ya pili ya msimu alikuwa akitolewa baada ya awamu 4 au chini yake. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa afya yake. Gharama yake ilikuwa kwamba hata siku ya mrushaji bora, warushaji wa akiba walipaswa kubeba nusu ya mechi au zaidi. Kesho yake anaanza mtu kama Flexen au kijana wa kupandishwa, naye haishi muda mrefu. Kesho kutwa yake akiba wamechoka. Hapo ndipo mechi zinapopotea kwenye awamu ya 7 na ya 8, si kwa sababu mtu fulani amekosa ujasiri, bali kwa sababu huyohuyo ameitwa mara ya tatu ndani ya siku nne.

Mfululizo

Walianza 3-22. Halafu, kitu kinachosahaulika, wakaenda 12-12. Kwa wiki kadhaa walikuwa timu ya kawaida yenye 15-34, na ungeweza kudhani kwamba sakafu imepatikana. Kuanzia 22 Mei wakapoteza 14 mfululizo.

Kipigo kimoja cha mfululizo ule, cha 23 Mei dhidi ya Baltimore Orioles, kinastahili kuelezwa, maana siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Awamu ya 9, Orioles wanaongoza 8-6, White Sox wana watu kwenye besi ya kwanza na ya pili, auti moja. Benintendi anapiga mpira juu, ndani ya uwanja. Kanuni inasema katika hali hiyo mwamuzi humtangaza mpigaji kuwa ametoka kabla mpira haujadakwa, ili mlinzi asiuangushe makusudi na kuwatoa wawili kwa ujanja. Basi hiyo ni auti ya pili. Lakini Andrew Vaughn, aliyekuwa besi ya pili, alikuwa kwenye njia ya Gunnar Henderson anayeufuata mpira. Henderson aliudaka bila shida. Mwamuzi akasema Vaughn amemzuia, naye ametoka. Auti ya tatu, mechi imekwisha.

Tarehe 10 Julai walicheza mechi mbili siku moja na Minnesota Twins. Ya kwanza walishinda 3-1, Kopech akiifunga kwa awamu isiyo na doa: mipira 9, straiki 9, watu 3 nje. Ya pili walipoteza. Hawakushinda tena hadi 6 Agosti. Vipigo 21 mfululizo, sawa na rekodi ya American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, iliyowekwa na Orioles wa 1988, na viwili pungufu ya vile 23 vya Philadelphia Phillies wa 1961. Walikwenda kwenye mapumziko ya katikati ya msimu wakiwa 27-71 na kuamka wakiwa 27-88.

Katikati ya mfululizo huo dirisha la uhamisho likafungwa, na hapa ndipo timu mbovu ilipogeuka kuwa timu ya rekodi. Tarehe 29 Julai, Erick Fedde, aliyekuwa 7-4 na mrushaji thabiti zaidi baada ya Crochet, aliuzwa pamoja na Tommy Pham kwenda St. Louis, na Kopech akaenda Los Angeles Dodgers. DeJong akaenda Kansas City. Kopech, ambaye Chicago alikuwa akipoteza mechi ovyo, akawa mtu mwingine kabisa kwa Dodgers na akatwaa ubingwa Oktoba. Kufufuka kwake hivyo kunauliza swali ambalo klabu haikuwahi kulijibu vizuri: je, tatizo lilikuwa wachezaji, au ni namna walivyokuwa wakifundishwa? Miguel Vargas, aliyepatikana katika biashara hiyo pamoja na vijana wawili wa ligi ndogo, alipiga kwa wastani wa 0.104 msimu uliobaki.

Kocha mkuu Pedro Grifol alifukuzwa 8 Agosti akiwa 28-89. Kwa misimu yake miwili rekodi ni 89-190. Grady Sizemore, nyota wa zamani wa Cleveland, alishika kwa muda na kwenda 13-32. Tofauti ya ushindi kati yao haitoshi hata kumlaumu Grifol sana. Mwishoni mwa Agosti ukaja mfululizo wa tatu, wa vipigo 12. Jumlisha mitatu hiyo: 14, 21 na 12 ni 47, karibu vipigo vinne katika kila kumi vya mwaka mzima. Ndani ya kanda yao waliwapa Kansas City Royals ushindi 12 kati ya 13. Royals walikuwa wamepoteza 106 mwaka uliotangulia. 2024 walimaliza 86-76 na kuingia mtoano. Mtu na alichovuna.

Walifika 120 huko San Diego tarehe 22 Septemba, wakarudi nyumbani kucheza na Los Angeles Angels mara tatu. Watu walijitokeza kuona rekodi ikivunjwa, huku wakipiga kelele kumtaka Reinsdorf auze timu. White Sox wakashinda zote tatu. Ikabidi wasafiri hadi Detroit.

Malipo ya kushindwa

Shabiki wa Marekani huvumilia msimu mbovu kwa sababu timu ya mkiani kwa kawaida huchagua kijana bora kwenye drafti, zoezi la kila mwaka la klabu kuchagua vijana kwa zamu. White Sox hawakupata hata hilo. Tangu mkataba wa 2022 kati ya wamiliki na wachezaji, nafasi sita za kwanza za drafti hutolewa kwa bahati nasibu, na klabu inayochangia kwenye mfuko wa kugawana mapato hairuhusiwi kupata nafasi hizo miaka miwili mfululizo. Chicago ni soko kubwa, White Sox ni wachangiaji, na drafti ya 2024 walikuwa wamechagua wa tano. Kwa hiyo baada ya vipigo 121, kwenye drafti ya 2025 walichagua wa kumi.

Desemba 2024 Crochet aliuzwa Boston kwa vijana wanne, mdakaji Kyle Teel akiwa mmoja wao. Chini ya kocha mpya Will Venable timu ilimaliza 2025 ikiwa 60-102, mwaka wa tatu mfululizo wa kupoteza zaidi ya mechi 100, ila safari hii wakiwa na Teel nyuma ya sahani ya nyumbani, na Colson Montgomery, kijana waliyemkuza wenyewe, akipiga homurani 21 tangu alipopandishwa Julai.